Sange na Kiboko Aliyeziba Kalavati

Mmekaa?

*Tumekaa.*

Nianze?

*Anza.*

Nikikosea?

*Tutakuvumilia.*

Nikinyamaza?

*Tutakugusa bega.*

Basi. Palikuwa na mji wa wanyama, na katikati ya mji palikuwa na barabara. Barabara hiyo walipita nyati. Asubuhi nyati walikwenda mtoni, jioni nyati walirudi kutoka mtoni, na kati ya asubuhi na jioni walipita nyati waliosahau kitu. Mnyama mkubwa aliweza kuvuka. Mnyama mdogo hakuweza. Waliojaribu siwasimulii, maana hawakubaki wa kusimuliwa.

Chini ya barabara lilipita kalavati, bomba nene la saruji. Mvua iliponyesha, maji ya mtaro yaliingia upande wa juu, yakatokea upande wa chini, yakaenda zake bondeni. Mvua ilipokoma, kalavati likawa njia ya wadogo.

Upande wa juu aliishi Sange. Kama hujapata kumwona sange, ni mnyama mdogo kama panya, miguu myembamba, pua ndefu kama mkonga wa tembo aliyepungua mwili. Huyu alizaliwa upande wa chini, akaolewa upande wa juu. Mumewe alikuwa mpole na nyumba yao haikuvuja. Lakini kila baada ya siku mbili tatu alipita kalavatini kwenda kumwona mama yake, akarudi kabla ya giza kuingia.

Sange hawaitani kwa sauti. Hupiga miguu chini. Ti-ti-ti ni kuuliza, upo? Ti-ti ni kujibu, nipo. Siku ambazo hakupata nafasi ya kwenda, Sange alisimama mdomoni mwa kalavati akapiga ti-ti-ti. Kutoka upande wa pili, mama yake akajibu ti-ti. Ikatosha kwa siku hiyo.

Tena wana desturi nyingine. Mtoto wa sange hapewi jina mpaka bibi yake, mama wa mama yake, amguse pua kwa pua. Asipoguswa hana jina. Na katika mji ule mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo mtoto akikosa jina, mama yake naye hana la kuitwa.

Sasa niwaeleze Kiboko.

Nyumba ya Kiboko ilitazamana na mdomo wa kalavati, huku upande wa juu. Alikuwa na nguvu za wanyama kumi na njaa ya wanyama ishirini. Vuli moja mvua kubwa ilinyesha mlimani, ikaingia shamba la Tembo, ikang'oa matikiti. Matikiti yakaja na mtaro, biringi, biringi, biringi. Kiboko akajilaza mdomoni mwa kalavati, akafungua kinywa.

La kwanza likaja. Kwap.

La pili likaja. Kwap.

La tatu likaja. Kwap.

Akala matikiti tisa hivyo hivyo, bila kusogea. La kumi lilikuwa zuri kuliko yote, jeusi kwa ukijani. Likaja, likamgonga puani, likaruka, likaingia kalavatini, likaenda.

Kiboko hakulala vizuri siku tatu. Yale tisa aliyokula aliyasahau. La kumi alilikumbuka.

Siku ya nne akaamka na shauri. Akaleta gogo la mgomba akalitia kalavatini. Mbele ya gogo akatia gunia. Mbele ya gunia akatia godoro kuukuu. Mbele ya godoro akabandika udongo, akaukandamiza kwa mguu, pu, pu, pu.

"Sasa," akasema, "kinachoshuka hakinipiti tena."

Na kweli hakikumpita. Maji yalishuka yakasimama. Likawa ziwa dogo mlangoni kwake, akalala humo mchana kutwa, pua tu ikionekana. Majirani walipoona mtaro umeshazibwa, wakaona hakuna tena cha kuharibu. Tumbili akatupa maganda. Nguruwe akamwaga maji ya kuoshea masufuria, pamoja na vilivyokuwa ndani ya masufuria. Kila mmoja alisema cha kwake ni kidogo. Ziwa likaanza kunuka, na Kiboko hakujali, kwa kuwa lilikuwa lake.

Wiki ile ile Sange alijifungua mtoto wa kike.

Alipopata nguvu alimbeba mgongoni, akamnyoosha masikio, akamfuta uso kwa mate, akaenda kalavatini. Hakuliona kalavati. Aliona udongo, na mbele ya udongo maji, na ndani ya maji matundu mawili ya pua ya Kiboko.

Akasimama ukingoni, akapiga chini. Ti-ti-ti.

Akasubiri. Kutoka mbali, kama mtu anayegonga ndani ya mtungi, akasikia, ti-ti.

Akarudi nyumbani na mtoto wake bila jina.

Jumamosi alikwenda kwa Kobe. Kobe alikuwa Bwana Mitaro wa baraza la mji. Kila Jumamosi alipita na kibao cha udongo mbichi mgongoni, na kila mwenye nyumba alitia alama ya mguu wake juu yake kukubali kipande chake cha mtaro. Sheria ilikuwa fupi na Kobe aliisema vile vile kila mlango: mtaro mkubwa ni wa baraza, mtaro ulio mbele ya mlango wako ni wako, kilichomo ni chako na uchafu wake ni wako.

Kobe alikuja. Ilimchukua Jumamosi nzima, lakini alikuja. Akamwambia Kiboko atie mguu.

"Niutie kwa kipi?" Kiboko akauliza kutoka majini. "Huu si mtaro, Bwana Kobe. Huu ni mdomo wa kalavati. Mdomo ni tundu. Umepata kuona tundu lenye mwenyewe?"

Kobe alifikiri mpaka jua likahama. Akasema kalavati ni la baraza, hilo ni wazi, lakini mdomo wake haukutajwa mahali, wala haukukatazwa kutotajwa. Akawauliza majirani. Tumbili alisema kipande chake kinaishia kwenye kichuguu. Nguruwe alisema yeye anamwaga tu, hazibi. Basi Kobe akasema baraza litakaa, likishakaa litaamua, likishaamua litaleta majembe, na yote hayo yatakuwa baada ya masika.

"Baada ya masika maji yatakuwa yameingia nyumbani kwangu," Sange akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana nasema baada," Kobe akamjibu. "Huwezi kuchimba kwenye maji, mwanangu."

Akaenda zake. Bado mnamwona? Hata sasa anaenda.

Siku zikapita. Kila jioni Sange alikwenda ukingoni na mtoto mgongoni. Alipiga ti-ti-ti. Alisubiri. Alijibiwa ti-ti. Mtoto akaota manyoya. Alipiga ti-ti-ti. Alisubiri. Alijibiwa ti-ti, lakini polepole. Mtoto akaanza kutambaa. Alipiga ti-ti-ti. Alisubiri zaidi. Akajibiwa ti, mara moja tu.

Usiku hakumwambia mumewe kitu, maana mumewe naye angesema nini. Alilala akimkumbuka mama yake kwa vitu visivyo na maana. Namna alivyopanga majani ya kulalia, laini chini na magumu pembeni. Namna alivyopiga chafya. Namna alivyomchagulia mchwa, akampa wale wanono na kusema yeye wanono hawapendi, na Sange alikuwa amekua na kuolewa na kuzaa ndipo akajua kwamba hakuna sange asiyependa mchwa wanono.

Tumbili alimwona akipita. "Habari za jioni, Mama Nani?" akamwita kutoka mtini. Hakuna aliyecheka sana, lakini jina likashika. Hujambo, Mama Nani. Karibu, Mama Nani. Sange aliitika, afanyeje.

Kisha ikaja jioni aliyopiga ti-ti-ti na kusubiri, na hakujibiwa.

Akapiga tena. Akasubiri.

Akapiga tena. Giza likaingia. Mawingu ya masika yalikuwa yameshakaa mlimani kama wageni wasiotaka kuondoka.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Na siku ya tatu, alipokuwa amesimama akisubiri kisichokuja, alisikia mtu mwingine akishusha pumzi. Hhhuuu. Akatazama. Alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa ameinua kichwa majini, ameelekeza uso kule kalavati lilikokwenda, macho yamelegea.

Sange akamjua. Anayetamani humjua mwenzake anayetamani, hata kama anachotamani ni tikiti la kumi ambalo mtaa mzima umeshachoka kusikia habari zake.

Halafu akainua pua yake ndefu, akanusa upande wa kalavati. Snif. Akaishusha. Akainua tena. Snif, snif.

Kiboko akafungua jicho moja. "Unanusa nini?"

"Si kitu, Baba Kiboko."

"Pua hiyo hainusi bure."

"Ni harufu tu. Nilitaka kumwambia Nguruwe."

Jicho la pili likafunguka. "Kwa nini Nguruwe?"

"Maana yeye ana nguvu kidogo, mimi sina. Kuna tikiti ndani ya kalavati, Baba. Limekwama katikati tangu vuli. Kule ndani kuna baridi, halikuoza, limezidi kuwa tamu. Nguruwe akilivuta, tutagawana nusu kwa nusu."

Alidanganya? Ndiyo, alidanganya. Alidanganya macho yakiwa chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Maji yakatikisika. Kiboko alikuwa amesimama. "Tikiti hilo nalijua," akasema. "Lilinigonga hapa. Ni langu."

"Ingekuwa hivyo," Sange akasema. "Lakini mwenyewe ulimwambia Bwana Mitaro kwamba tundu halina mwenyewe. Basi kilichomo ndani ya tundu nacho hakina mwenyewe. Atakayewahi. Ngoja nimwahi Nguruwe kabla hajalala."

"Usiende popote."

Kiboko akatoka majini, akaondoka mbio, ardhi ikitikisika. Alimkuta Kobe njiani, hajafika nyumbani tangu Jumamosi ile aliyokuja. Hakumpa hata salamu. Alimbeba kinywani pamoja na kibao chake cha udongo, akamleta, akamtema ukingoni.

"Uliza," Kiboko akasema.

Kobe akajifuta. "Mdomo wa kalavati ni wako?"

"Wangu."

"Kilichomo ni chako?"

"Changu."

"Na uchafu wake ni wako?"

"Wangu, wangu. Unachelewesha watu."

Kobe akaweka kibao chini. Kiboko akatia mguu wa kwanza. Kobe akasema mmoja unatosha. Kiboko akatia wa pili, na wa tatu, na wa nne, asije mtu akasema kitu. Tumbili na Nguruwe na wengine walikuwa wamekuja kuona kelele ni za nini, wote wakashuhudia.

Ndipo Kiboko akazamisha kichwa. Chubwi. Akauma, akavuta. Chopo.

"Ni tikiti?"

"Sio, Baba. Ni udongo. Tikiti liko nyuma ya udongo."

Chubwi. Akauma, akavuta. Chopo.

"Ni tikiti?"

"Sio, Baba. Ni godoro. Tikiti liko nyuma ya godoro."

Chubwi. Akauma, akavuta. Chopo.

"Ni tikiti?"

"Sio, Baba. Ni gunia. Tikiti liko nyuma ya gunia."

Hapo Kiboko akasita. Maji yalianza kujongea pembeni mwa gogo, yakipiga mluzi mwembamba. Akatazama ziwa lake, akatazama ukingo aliouzoea. "Nikitoa hili la mwisho," akasema taratibu, "maji yangu je?"

Sange aliona moyo wake ukipanda hadi kwenye pua. Mtoto alikuwa anamchezea sikio mgongoni. Akasema, "Kweli, Baba. Acha tu. Maji ni maji. Hilo tikiti limekaa peke yake tangu vuli, linaweza kuendelea kukaa. Wewe ulishakula tisa."

"Nisitajie yale tisa," Kiboko akasema.

Chubwi. Akauma, akavuta, akavuta, akavuta.

Chopo.

Shwaaaaa. Maji yakaingia kalavatini, maganda yakaingia, mabaki ya masufuria ya Nguruwe yakaingia, povu likaingia. Ziwa likashuka kutoka kifuani mwa Kiboko hadi tumboni, kutoka tumboni hadi magotini. Likawa dimbwi, likawa tope. Kiboko akabaki amesimama katikati akiwa na gogo la mgomba mdomoni.

"Ni tikiti?" akauliza huku kinywa kimejaa.

Hakujibiwa, maana Sange alikuwa mdomoni mwa kalavati akipiga miguu. Ti-ti-ti. Sauti iliingia yote, safi, ikaenda mpaka mwisho. Akasubiri. Tone likadondoka. Tone jingine. Ti-ti-ti. Akasubiri.

Hakuna.

Akaingia. Mule ndani palikuwa na giza na kuteleza, na ukuta ulikuwa bado unalia maji. Alikwenda akipiga na kusikiliza, akipiga na kusikiliza, mtoto amemshika shingo. Njia ambayo zamani aliipita bila kuihesabu ikawa ndefu kama mwaka. Akaona duara la mwanga. Akatokea.

Mama yake alikuwa amekaa ukingoni, amelowa, amekuwa mdogo. Pembeni yake palikuwa na lundo. Nyuzi za gunia, vipande vya mgomba, majani yaliyooza, vyote vimechambuliwa na kupangwa, maana ndivyo alivyokuwa, hakuweza kuacha kitu bila kukipanga. Alikuwa akiingia kutoka upande wake, siku baada ya siku, akichimba kwa vidole vile vyembamba. Alipomsikia Kiboko akivuta, alitoka mbio akapanda ukingoni, ndiyo maana maji hayakumchukua. Miguu yake ilikuwa imechubuka yote. Asingeweza kupiga hata ti moja.

"Nilikuwa nakuja," mama yake akasema.

Sange akamsogelea. Akageuka, akamteremsha mtoto.

Bibi akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Akamgeuza huku, akamgeuza huku. Akasema masikio ni ya baba yake, bahati mbaya, lakini pua ni ya kwetu. Akainama, akamgusa pua kwa pua.

"Kawia," akasema. "Huyu ni Kawia. Kawia ufike."

Walikaa pamoja mpaka giza likaanza kuingia. Bibi alitaka kujua kila kitu, kisha hakungoja majibu. Alimchagulia Kawia mchwa wanono. Sange akamwambia mama yake ale naye, mama yake akafungua kinywa kusema wanono hawapendi, na Sange akamtia mmoja mdomoni kabla hajasema.

Halafu akamwosha miguu, akamtandikia, akarudi upande wa juu. Nyumba ilikuwa kule, na mume alikuwa kule.

Tangu siku hiyo Sange hupita anavyotaka. Mnaweza kudhani hamu imemwisha. Haikumwisha. Akiwa upande wa juu humkumbuka mama yake. Akiwa upande wa chini hukumbuka nyumbani kwake, kama mlango ameufunga, kama mumewe amekula. Kuna mahali katikati ya kalavati, chini kabisa ya barabara, nyati wakipita juu kama ngurumo, ambapo nyumba zote mbili ziko mbali sawasawa. Hapo husimama kidogo. Kawia humvuta mkia waendelee, naye humwambia, ngoja.

Na Kiboko? Kiboko alipeleka shauri barazani kwamba alidanganywa. Kobe alimwonyesha kibao. Udongo ulikuwa umeshakauka, alama za miguu minne ndani yake, hakuna mwingine katika mji mzima aliyetia minne. Kwa hiyo kila Jumamosi huamka mapema kuliko wote. Hutoa mchanga, hutoa maganda, huzamisha kichwa kalavatini mpaka mabegani. Sange akipita, Kiboko humuuliza kama bado anasikia harufu. Sange huinua pua, snif, husema anaisikia, ila leo imesogea mbele kidogo.

Hakuna mdomo wa kalavati ulio safi kama ule.

Sasa fundisho, maana ngano bila fundisho watoto huona wamepunjwa. La kwanza, uongo ni mbaya, na wenye pua ndefu hasa wasiseme uongo. La pili, uroho ni mbaya, ila mtaa usio na mroho hata mmoja utanuka. La tatu, ukiona jirani ameziba mtaro, usigombane naye, wala usihangaike kuzibua. Kaa ukingoni, nusa, subiri. Masika ikikukuta bado unasubiri, basi hukunusa vizuri, na hilo si kosa la mwenye ngano.

Ngano yangu naiacha hapa mlangoni. Atakayeipenda aiingize ndani. Asiyeipenda airuke apite.

*Na asiyejua pa kuiweka?*

Aiweke popote, asiitupe mtaroni.